Isale kwenye Bampa

Jumamosi ya kwanza ya msimu wa kuwinda ndege, Sifaeli na rafiki yake Abasi walitoka porini nyuma ya Oldonyo Sambu saa nne asubuhi, wakiwa na kanga watano, wakakuta gari halina betri. Sifaeli aliweka bunduki chini, akapatazama mahali betri ilipokuwa, akafunga boneti taratibu. Fundi mmoja wa gereji yake alileta betri nyingine kutoka Elerai saa nane mchana. Wakati huo kanga walikuwa wameanza kunuka.

Mwaka uliotangulia lilikuwa tairi la spea, na kabla yake jeki, darubini, na deli la barafu pamoja na soda zake. Uwindaji wa leseni una taabu hiyo: ndege hawaji barabarani, kwa hiyo gari hukaa peke yake chini ya mgunga kwa saa nne au tano, na kila apitaye na pikipiki hulikagua. Sifaeli si mtu wa kukaa mikono mfukoni. Alifunga betri kwa mnyororo, wakaiba betri na mnyororo. Akaweka king'ora, wakaiba king'ora. Akamleta mlinzi wa kampuni, na siku hiyo gari lilisalimika, ila mlinzi alirudi mjini peku.

Gereji yake iko Elerai, lakini nyumbani ni Nkoaranga, kwenye kihamba cha kahawa na migomba alichoachiwa na baba yake. Jumamosi ya pili, akitafuta kamba ya kufungia vyombo, macho yake yaliangukia masale, ile mimea ya majani marefu ya kuwekea mipaka, yaliyopandwa mstari mmoja kati ya kihamba chake na cha Rachel, mjane wa baba yake mdogo. Akamkumbuka mama yake. Mama alikuwa akiacha mkungu wa ndizi kando ya njia, ameufunga jani la isale, anaingia kanisani, ibada inakwisha na matangazo yake yote, na akitoka anaukuta mkungu palepale. Kitu kilichofungwa isale kina mwenyewe, na Wameru wote wanalijua hilo. Sifaeli alijiona mjinga kwa kuhangaika na minyororo miaka yote hiyo. Alikata tawi moja la isale kwa panga, akalipiga fundo, na walipofika porini akalifunga kwenye bampa la mbele.

Abasi alilitazama, akatangulia njiani. Yeye anauza spea mjini, na huenda kuwinda kwa sababu mbili: anapenda kutembea, na kanga asiyechinjwa kwa mkono wa Mwislamu hamli.

Waliporudi betri ilikuwepo. Spea ilikuwepo, deli lilikuwepo, hata miwani ya jua ya Abasi iliyosahauliwa juu ya dashibodi ilikuwepo. Gari tu ndilo halikuwa mahali pake. Lilikuwa hatua saba kando, upande wa magharibi, breki ya mkono imevutwa na ufunguo uko mfukoni mwa Sifaeli. Mama mmoja wa Kiarusha aitwaye Sinyati, ambaye hulisha mbuzi wake maeneo hayo, alikuwa ameketi kivulini.

"Yeyo, mama yangu, nani amesogeza gari?" Sifaeli aliuliza.

"Limesogea lenyewe," alisema Sinyati. "Wamekuja wawili na pikipiki. Mmoja ameshika boneti. Gari likaenda polepole, likasimama. Wakasema kuna mtu ndani, wakaondoka."

"Na alikuwepo mtu?"

"Nimechungulia mimi. Hakuna." Akaomba maji, wakampa, akawafuata mbuzi wake.

Sifaeli aliridhika. Abasi ndiye aliyekosa usingizi kwa udadisi. Jumamosi iliyofuata alichomeka kijiti kwenye kila gurudumu kabla hawajaondoka. Waliporudi alihesabu: saba. Iliyofuata aliomba gari lielekezwe upande mwingine, likaenda kinyumenyume hatua saba, magharibi vilevile. Safari nyingine aliomba waliegeshe chini ya kilima, na gari likapanda hatua saba bila kuacha alama ya tairi wala harufu ya dizeli. Siku hiyo hata wezi hawakuja, Sinyati alithibitisha. Lilikwenda tu.

"Hilo jani umelikata wapi?" Abasi aliuliza huku akimshika kanga shingo.

"Kwenye mpaka wa nyumbani."

"Na upande wa magharibi wa huo mpaka kuna nani?"

"Mimi."

Abasi alichinja, akasubiri ndege atulie. "Basi linarudi lilikotoka," alisema. "Mlilitoa kwako mkalipeleka kwa nani?"

Sifaeli alijishughulisha na kufuta bunduki. Jibu alikuwa nalo tangu kijiti cha kwanza.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Baba yake mdogo, Melkizedeki, alikuwa amezikwa mwaka mmoja kabla, pembeni mwa kihamba chake, karibu na mpaka. Kisha Rachel akalazwa hospitali wiki tatu. Katika wiki ya pili, mchana kweupe, baba yake Sifaeli aling'oa masale yote na kuyapanda upya hatua saba upande wa mashariki. Sifaeli ndiye aliyebeba miche. Rachel aliporudi alilikuta kaburi la mumewe liko kwa shemeji yake. Aliwaita wazee wa ukoo, nao wakaja, wakayatazama masale, wakasema isale halidanganyi. Mvua ya mwezi ule ilikuwa nzuri na yalikuwa yameshika vizuri sana.

Sasa Rachel ana miaka sabini na tisa, na moyo wake hauko sawa. Ana ombi moja tu, azikwe kando ya Melkizedeki. Amemwomba Sifaeli mara mbili na mara zote mbili Sifaeli amesema ataangalia. Tatizo ni kwamba kwenye zile hatua saba Sifaeli amejenga banda la gari. Ni banda zuri, lina bati jipya na sakafu ya saruji, na kaburi liko nyuma yake tu, limeegemezwa matairi mawili makuukuu. Rachel akitaka kupalilia kaburi humpigia simu kwanza.

Mwezi wa nane Sifaeli alirudi amechoka, akaingiza gari bandani akasahau kufungua isale. Asubuhi alikuta ukuta wa magharibi wa banda umeanguka na gari limesimama mbele ya mlango wa jiko. Mkewe, Nancy, alikuwa amekwisha kupanga sufuria juu ya boneti zikauke.

"Lisogeze kidogo," alisema. "Kuku hawapati pa kupita."

Sifaeli alilisogeza. Alijenga ukuta upya, na tangu siku hiyo hufungua isale kabla ya kuingia getini.

Rachel alizisikia nyundo za kujenga ukuta. Siku ya pili alisogea hadi kwenye mpaka, akajiegemeza kwenye fimbo.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Naona masale yanapungua."

"Nakata ya gari."

"Gari limekosana na nani?"

"Ni wezi, mama mdogo. Kule porini."

"Na linasaidia?"

"Linasaidia. Ila linalisogeza gari."

"Linasogea wapi?"

Sifaeli alimwonyesha kwa kidevu. Rachel alipatazama mahali pale, kutoka alipokuwa amesimama hadi upande wa pili wa banda, kama mtu anayeangalia nguo yake iliyoanikwa kwa jirani.

"Hatua ngapi?"

"Saba."

"Ni saba kweli," alisema Rachel. "Niliwaambia wazee kwamba ni saba, wakasema nimetoka kuumwa." Alikohoa, akapumzika. "Sifaeli, mimi sitaki kahawa yako wala migomba. Nataka kulala karibu na mume wangu. Na isale lina kazi yake kubwa kuliko kulinda betri. Unaijua."

Aliijua. Mkosaji akija mlangoni ameshika isale, aliyekosewa hawezi kumfukuza wala kumkatalia. Husamehe, na maneno yanaishia hapo. Baba yake angeweza kufanya hivyo wakati wowote kwa miaka thelathini, maana mlango wa Rachel ulikuwa hapo. Sifaeli aliona aibu, ikampanda hadi masikioni, na akatamani sana mtu amwite kutoka ndani.

"Nitaangalia, mama mdogo," alisema.

Aliangalia. Aliangalia wiki nzima akiwa chini ya magari ya watu, na Jumamosi alikuwa amepata ufumbuzi. Walipofika porini alimwambia Abasi asimame chini ya mgunga wao wa siku zote, wenye kivuli kizuri, kisha akaliegesha gari hatua saba mashariki yake, juani. Waliporudi lilikuwa kivulini sawasawa, betri yake ndani, na soda kwenye deli zilikuwa bado baridi. Sifaeli alimfungulia Abasi moja.

"Umelifikiria hili wiki nzima?" Abasi aliuliza.

"Karibu."

"Na kuurudisha mpaka hukufikiria."

"Nimelifikiria na hilo. Sasa gari nitaliweka wapi?"

Abasi alikunywa soda yake hadi mwisho. Alikuwa na swali jingine, lakini kanga walikuwa wanamsubiri kunyonyolewa, na Sifaeli ni rafiki yake wa siku nyingi.

Msimu umeendelea hivyo. Sifaeli hajaibiwa hata nati moja, na wawindaji wengine wa mjini wameanza kumwuliza anatumia king'ora gani. Kila Jumamosi, jua likianza kugusa migomba, huchukua panga na kwenda mpakani. Rachel husikia panga likigonga shina. Hutoka nje amejifunga khanga safi, ameshika kiti cha mgeni, hukiweka mbele ya mlango wake na kukifuta vumbi kwa kiganja. Kisha husimama kando yake akiangalia mpaka, huku akipumua kwa shida. Sifaeli hutokea kati ya majani akiwa na isale mkononi, tayari amelipiga fundo. Humwamkia, naye huitikia. Sifaeli hupita kando ya masale, hatua kwa hatua, mpaka bandani, akawasha gari. Rachel hungoja hadi mlio wake uishe huko chini barabarani, ndipo hukirudisha kiti ndani.