Kadi Zenye Nyota

Mwaka 1974 Kulthum alikabidhiwa programu ambayo hakuna aliyeielewa. Ilikuwa masanduku mawili ya kadi zilizotobolewa matundu, nayo ndiyo iliyoiambia kompyuta ya ofisi yao, juu kidogo ya mtaa wa Nakivubo, igawe chanjo za watoto kwa kila wilaya. Aliyeiandika alikuwa amekimbia nchi, na daftari la maelezo akaondoka nalo. Kadi zilibeba amri tupu. Wilaya nne zilipokosa chanjo ya surua, Kulthum alizisoma amri hizo moja moja kwa wiki saba ndipo akaliona kosa. Katika wiki hizo Alum, aliyekuwa akitoboa kadi, alikwenda Lira kumzika mtoto wa dada yake aliyeuawa na surua.

Kulthum akaamua haitatokea tena. Kila sehemu ya programu aliitangulizia kadi yenye alama ya nyota, ambayo kompyuta huiruka, yenye maneno ya kusomwa na watu: sehemu inaanza wapi, inafanya nini, inaishia wapi.

Mkuu wao Olweny, aliyewahi kuwa fundi wa redio jeshini, alimkataza. Kadi ni adimu, alisema, na maelezo mahali pake ni daftarini. Tena maneno yasiyoeleweka yangeweza kuwaponza kwa watu wa usalama.

"Daftari linabebeka, afande," Kulthum alimjibu. "Maelezo yakae ndani ya programu yenyewe."

Hakuacha. Aliondoa amri zilizojirudia, na programu ilipotobolewa upya, nyota zikiwemo, kadi hazikuzidi zile za zamani. Olweny alizihesabu mwenyewe, akazirudisha sandukuni.

Mwezi uliofuata walikuja watu wawili wa usalama. Walikuwa wamesikia kuna maandishi ya siri. Mmoja alichomoa kadi yenye nyota, akauliza inasema nini. Olweny angeweza kumnyooshea Kulthum kidole. Badala yake aliichukua kadi, akaifasiri taratibu.

"Inasema, hapa inaanza chanjo ya Gulu; hesabu watoto kwanza. Ni mimi nimetoa ruhusa."

Wale wawili walibeba madaftari yote ya rafuni na kuondoka. Kadi waliziacha.

Mwaka uliofuata Kulthum aliolewa Mombasa, na kazi ikamwangukia Alum. Wilaya moja ilipogawanywa, aliirekebisha programu kwa siku mbili, akaongeza kadi tatu za nyota kwa maneno yake mwenyewe.