Wimbo wa Kwenye Trekta

Sheria za kundi la muziki wa zamani pale Gitting zilikuwa tatu, na zote alizitunga mzee Yohanes mwenyewe, siku ambayo hakuna aliyemwomba. Kila mtu alete wimbo mmoja tu. Wimbo ukianza, hakuna kuongea mpaka uishe. Na ukiisha, aliyeuleta aseme aliusikia wapi kwa mara ya kwanza, tena aseme kweli. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Huu ulikuwa mwaka wa sita Yohanes yumo kisimani, na alikuwa amechoka.

Muziki wenyewe haukumchosha. Kantri angeisikiliza hata akiwa na homa, na soul alishajifunza kuipenda kwa ajili ya mwenzake wa kundi, Nesi Gaudensia. Kilichomchosha ni kuchagua. Kila Jumapili alitakiwa kwenda na wimbo, na kila Jumapili ilimbidi auruke ule mmoja alioupenda kuliko zote, kwa kuwa ungemdai aseme alipousikia. Basi akawa anapeleka nyimbo za pembeni. Alishapeleka wa kwenye harusi ya shemeji yake Mbulu, wa kwenye redio ya paroko, na wa kwenye basi lililoharibika njiani wakakaa kutwa nzima. Ghala lilikuwa limebaki vumbi.

Mkewe Philomena hakuwa na huruma na jambo hilo.

"Mtu anaamka saa kumi na moja kukamua," alisema Jumapili hiyo, akimpa kofia yake, "wiki nzima yuko shambani, magoti yanamlia. Jumapili, badala ya kulala, anakwenda kusikiliza watu wazima wakilia kwa Kiingereza. Haya, nenda. Wasalimie."

Walikuwa wanakutana kwa fundi Clement, mtengeneza redio, kwenye kibanda chake kilichojaa redio zilizopasuliwa matumbo. Jumapili Clement hakupokea kazi. Aliondoa vitu juu ya meza, akaweka spika moja nzuri, akapanga viti vinne. Yeye ndiye aliyekuwa mtambo wa kundi: ukimtajia neno moja la wimbo, au ukimpigia mluzi tu, atahangaika nalo kwenye simu wiki nzima mpaka aupate. Gaudensia, nesi mstaafu aliyekaribia miaka sabini, alikaa karibu na mlango kwa ajili ya kifua chake. Alikuwa mtu wa soul tangu chuo cha uuguzi, na akisikia kinanda cha kanisa kikiingia kwenye wimbo wa mapenzi hufumba macho, usimsemeshe.

Wa nne alikuwa Gidabuday. Huyu ni Mbarbaig wa kule chini tambarare, mfugaji, mwenye miaka hamsini na kitu, na Kiingereza chake kilikuwa "yes" na "cow". Lakini hakuna aliyesikiliza kantri kama yeye. Aliinamisha kichwa, fimbo katikati ya magoti, na wimbo ukiisha angekueleza yule mtu kapoteza nini: mke, au nyumba, au mnyama. Gaudensia, aliyejua Kiingereza, alisema mara nyingi anapatia.

Gidabuday alijiunga mwaka ule ule wa kwanza, wiki tatu baada ya sheria kutungwa. Yohanes angejua kwamba mtu wa kule chini atakuja kukaa kwenye kiti cha nne, ile sheria ya tatu angeimeza na mate yake. Kwa sababu wote pale walijua Yohanes alifanya kazi kwenye shamba kubwa la ngano kule chini enzi za ujana wake, na aliwaambia alikuwa mtunza stoo. Hakudanganya. Miaka miwili ya mwisho alitunza stoo. Ile kumi na mmoja ya kabla yake ndiyo hakuitaja.

"Shikamoo mzee," Gidabuday alimwamkia alipoingia.

"Marahaba. Ng'ombe hawajambo?"

"Wapo. Majani ndiyo hayapo."

Gaudensia alianza. Alileta wimbo wa mwanamke mwenye sauti nzito anayemwambia mumewe aende tu, mlango haujafungwa. Ulipoisha, akasema aliusikia kwenye dansi la wanachuo, akiwa amevaa viatu vya kuazima, na mwenye viatu alikuwa anataka kuondoka mapema. Wakacheka. Yohanes akafuata na wimbo dhaifu ambao hata yeye hakuupenda, akasema aliusikia kwa kinyozi. Clement alimtazama kidogo, akarudi kwenye simu yake.

"Leo wangu Clement ameupata," Gidabuday akasema. "Nimempigia mluzi miezi minne."

Clement akabonyeza simu.

Lile gitaa linalolia kwa kuteleza lilipoingia tu, Yohanes akaujua. Ulikuwa ndio ule aliouruka kila Jumapili. Sauti ya yule mwanaume, iliyochoka, inayoomba ipokelewe nyumbani hata kwa kulala jikoni. Fidla nyuma yake. Halafu pale katikati anapoacha kuimba na kuongea tu. Fundi mmoja mzungu aliusahau ndani ya trekta, kaseti haina hata jalada, na Yohanes kijana wa Nambis kule milimani, aliyekuwa hajawahi kukalia kiti chenye springi, aliupiga kutwa nzima mpaka utepe ukalegea. Miaka mingi hakuwa ameusikia. Machozi yalimjaa kwa furaha, na hofu ikaja juu ya furaha, na sheria yake mwenyewe ikamkataza kufungua mdomo.

Wimbo ukaisha. Gidabuday akakohoa.

"Nilikuwa na miaka kama kumi na minne. Nachunga ndama juu ya kile kilima chenye migunga, kabla ya bonde la ngano. Trekta ikaja. Kubwa, ina mlango wa kioo, na ndani yake muziki. Mimi sijawahi kusikia muziki wa namna ile. Nikasema, huyu analia kama mtu aliyepoteza ng'ombe wote. Nikasimama nisikilize." Alisogeza fimbo yake. "Sasa, mbele yake kulikuwa na kaburi la babu yangu. Sisi kaburi la namna ile hatumjengei kila mtu. Ni mzee mkubwa tu. Udongo unapandishwa miezi mingi, juu kabisa, unakuwa kilima, na miti inasimamishwa. Trekta ikapanda, ikashuka. Ikafika mwisho kule, ikageuka, ikarudi, ikapita tena. Na muziki ule ule. Mimi mikono kichwani, na masikio yanapenda. Hilo ndilo nimeficha. Wazee waliniuliza umeona nini, nikasema trekta. Sikusema nilipenda wimbo. Miaka arobaini naupenda, na naona aibu. Leo nimesema, kwa sababu mzee Yohanes alisema hapa ni kweli tu."

Nje mtu alipita na mbuzi wawili, wakasikika mpaka wakaishia.

"Pole, ndugu yangu," Gaudensia akasema, akijifuta kwa ncha ya kanga. "Pole sana. Na huyo dereva sijui kama alipata usingizi."

"Labda hakujua," Clement akasema taratibu. "Wengi walitoka huku juu. Sisi Wairaqw makaburi yetu hayako hivyo. Mtu wa Nambis au Mbulu akiona kilima cha udongo kimeota nyasi, atasema ni kichuguu."

Yohanes alilisikia neno hilo kama mtu aliyefunguliwa mlango. Kichuguu. Alikuwa amejiambia neno hilo kila usiku tangu ujana wake, na sasa amepewa na mtu mwingine, mbele ya mashahidi, bila kuliomba. Angeweza kunyamaza tu. Angeitikia kwa kichwa, wangepiga wimbo wa Clement, angerudi nyumbani akala viazi, na wiki ijayo angetafuta wimbo mwingine wa kwa kinyozi. Alijaribu kuiona hiyo wiki ijayo, na nyingine baada yake, na akahisi hana nguvu ya kuzibeba. Hakujiona shujaa hata chembe. Alikuwa mzee aliyechoka kubeba kitu, na mikono ikaachia.

"Trekta ile nilikuwa naendesha mimi," akasema.

Gaudensia aliishusha ile ncha ya kanga.

"Clement kasema kweli. Nilidhani kichuguu. Msimamizi alisema piga moja kwa moja, nikapiga. Vichuguu vilikuwa vingi. Hiyo ni mara ya kwanza. Plau ilipopita nikatazama nyuma, nikaona miti imeng'oka. Miti iliyochongwa. Kichuguu hakina miti ya kuchongwa. Nikaona na kijana kule juu, kaweka mikono kichwani. Nikafika mwisho, nikageuza. Mara ya pili nilijua, Gidabuday. Nilijua, nikapita. Niliogopa kazi. Na kaseti sikuizima."

Gidabuday hakunyanyua kichwa. Aliinama vile vile anavyosikiliza wimbo, na Yohanes akafikiri labda anatafuta kujua huyu naye kapoteza nini. Clement alikuwa ameshika waya mmoja, anauviringisha kidoleni, anaufungua.

"Ngano ilipoota," Gidabuday akasema mwishowe, "hapakujulikana tena. Wazee walikwenda. Huyu anasema hapa, yule anasema pale. Mama yangu mpaka leo anamwaga pombe ya asali mahali patatu, kwa sababu hajui babu yuko wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa mbali, juu kule. Nikishuka chini sehemu zote ni moja." Sasa akamtazama. "Wewe unapajua?"

"Napajua."

"Miaka arobaini?"

"Napajua."

"Kesho asubuhi utanionyesha." Akasimama. Yohanes naye akataka kusimama, amshike mkono, aseme neno la kuomba radhi, lakini Gidabuday alishavaa kofia. "Sijasema nimekusamehe. Nimesema utanionyesha."

Philomena alimkuta usiku ameketi kitandani na soksi moja mguuni. Yohanes akamweleza yote.

"Na hiyo siri umelala nayo kwenye kitanda changu," akasema. Kisha akamvua ile soksi.

Asubuhi ukungu ulikuwa haujashuka kutoka mlimani. Gidabuday alimsubiri kwenye mtaro wa maji ulio kando ya barabara ya shamba, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakumwamkia. Yohanes alipokea hilo kama anavyopokea maumivu ya magoti, hakulalamika. Siku hizi bonde lile halina tena matrekta makubwa. Lilikuwa vipande vipande, huyu mahindi, yule mbaazi, kwingine nyasi tupu.

Yohanes alisimama mtaroni, akautafuta mgunga wenye mashina mawili kule ng'ambo, akaanza kutembea akiuelekea. Hakuhesabu hatua kwa sauti. Alipoyumba kwenye matuta Gidabuday hakumsaidia, ila alipunguza mwendo. Walivuka mbaazi, wakavuka kijito kikavu, wakaingia kwenye nyasi. Hatua zikawa fupi. Yohanes akasimama.

"Hapa."

Palikuwa patupu kama pengine popote. Gidabuday alitazama huku na huku, na ghadhabu ikampanda usoni, ghadhabu ya mtu anayeogopa kudanganywa mara ya pili.

"Hapa kwa nini? Hapana alama. Nitamwambia nini mama yangu, kwamba dereva kasema hapa?"

"Nililima bonde hili misimu kumi na mmoja," Yohanes akasema. "Baada ya siku ile, kila nikifika hapa nilizima kaseti. Nikipita, naiwasha. Hakuna aliyeniambia. Mkono ulikwenda wenyewe. Mtu akizima muziki mahali pamoja miaka kumi na mmoja, Gidabuday, hawezi kupasahau. Hata nikiwa kipofu ningepajua."

Gidabuday alimtazama kwa muda mrefu. Halafu akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya nyasi, akaanza kuongea Kidatoga, lugha ya kwao, pole pole, kama mtu anayemweleza mgonjwa habari za nyumbani. Yohanes hakuelewa neno. Alisimama amechoka mpaka kwenye mifupa, hajui aweke wapi mikono yake, anaona haya ya kuwapo na haya ya kuondoka. Alilia kidogo, bila sauti, na hakujificha.

Gidabuday alipomaliza, aligeuka.

"Nimemwambia nani kanileta. Sasa msalimie mwenyewe."

Yohanes akavua kofia. Alikuwa na miaka sitini na sita; kule kwake Gitting, watu wa kuwaamkia walikuwa wamebaki wachache. Ikatoka sauti ndogo.

"Shikamoo, mzee."

Upepo ukapita kwenye nyasi. Gidabuday alikuwa bado amechuchumaa, ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Rudia," akasema. "Babu alikuwa hasikii vizuri."