Mguu wa Picha

"Weka mguu hapo kwa pedali, mathe. Ni ya picha tu."

Nekoye aliutazama mguu wake. Ulikuwa umelala juu ya kibao cha kiti cha magurudumu, mwembamba, ndani ya soksi ya buluu aliyoinunua kwa ajili ya siku hii.

"Huu haujiweki, kijana. Unawekwa."

Travis, mpiga picha wa mradi, alicheka akidhani ni utani. Kisha akaelewa. Akachuchumaa, akaushika ule mguu kwa vidole viwili kama mtu anayeinua yai, akaulaza juu ya pedali ya cherehani mpya. Ukateleza. Akaulaza tena.

"Haya, smailia kamera."

Ukumbi wa kanisa pale Kaptembwo ukapiga makofi. Wanawake kumi na wawili wenye ulemavu, cherehani kumi na mbili za kukanyaga, kila moja imefungwa utepe mwekundu. Katika fomu ya kuomba cherehani aliyoijaza mwezi wa tatu kulikuwa na nafasi ya kueleza ulemavu. Nekoye alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MIGUU YOTE MIWILI. NASHONA KWA CHEREHANI YA MKONO. Aliandika polepole, kalamu ikikandamiza karatasi, kwa sababu aliamini kuna mtu atasoma.

"Madam," alimwambia Wachuka, afisa wa mradi, aliyekuwa akipita na karatasi za kutia sahihi. "Mimi niliomba ile ya kuzungusha na mkono."

"Ziliagizwa pamoja, mama. Zote aina moja, ndiyo kila mtu apate sawa."

"Sawa na nani?"

Wachuka aliinua macho. Hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulikuwa na uchovu wa mtu aliyeamka alfajiri kupuliza mabaluni. "Mama, ukikataa naandika umekataa. Inaenda kwa mwenye anafuata, na jina lako halirudi kwa listi."

"Na nikichukua?"

"Naandika umesaidika."

Nyumbani kwake, mtaa wa Rhonda, sare za shule moja ya Keringet zilikuwa zimekatwa tayari: mikono huku, kola kule, migongo imekunjwa juu ya kitanda. Shule ingefunguliwa Jumatatu na leo ilikuwa Alhamisi. Cherehani ya mkono aliyoachiwa na mama yake ilikuwa imevunjika juzi katikati ya mshono. Fundi Sitati aliifungua, akaifunga, akafuta mikono. "Hii imeenda, mathe. Spea zake ziliisha nikiwa sijazaliwa." Na Mwalimu Kamande wa shule hiyo alikuwa amebishana na kamati nzima ya wazazi ili kazi iletwe kwake, maana kamati ilisema mtu wa kiti hatamaliza. Sare zikikosekana Jumatatu, hakuna atakayesema cherehani ilivunjika. Watasema tulijua.

Akatia sahihi.

Cherehani ilifika Rhonda kwa mkokoteni. Jirani yake Jerotich, aliyekuwa akikaanga mandazi nje ya geti, alipiga kigelegele.

"Wee Nekoye! Umekuwa kampuni! Sasa utatusalimia kweli?"

Nekoye akasukuma kiti chake kuelekea mlangoni. Jerotich akaurudia mwiko wake.

Ndani, Nekoye alijaribu kuzungusha gurudumu la cherehani mpya kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiongoza kitambaa. Mishono mitatu ikanyooka, wa nne ukakimbia. Gurudumu hili halikuwa na kishikio; kiganja kiliteleza, na kila kilipoteleza mshono ulipotoka. Akafumua. Akang'oa kishikio cha cherehani ya mama yake, kile kilicholainishwa na viganja viwili, cha mama na chake, kwa miaka mingi, akakijaribisha kwenye gurudumu jipya. Hapakuwa na mahali pa kukifunga. Akakigeuza huku na huku. Alijua hakitaingia, lakini akaendelea kukijaribu mpaka kikamponyoka na kubingiria chini ya meza.

Saa kumi jioni alikuwa ameshona kola moja na kuifumua mara mbili.

Alijishusha kutoka kwenye kiti, akajiburuta kwa viwiko mpaka chini ya cherehani, akaweka viganja vyote viwili juu ya pedali. Akasukuma. Gurudumu likazunguka. Akasukuma tena, na cherehani ikaanza kuimba, laini, nzuri kuliko yoyote aliyowahi kuisikia. Alisukuma mpaka jasho likamwingia machoni. Juu yake sindano ilipanda na kushuka, ikashona, ikashona, na hapakuwa na kitu chini yake.

"Nimesikia inaenda mbio, nikasema huyu amemaliza." Jerotich alisimama mlangoni na mandazi mawili kwenye sahani. Kisha akamwona. "Nekoye? Unashona nini huko chini?"

"Hewa."

Sahani ikawekwa juu ya sare. Jerotich akapiga magoti, akamshika Nekoye chini ya makwapa, akamwinua mpaka kitini. Jerotich aliangalia pedali, akaangalia ile soksi ya buluu iliyojaa vumbi.

"Nina mafuta motoni," alisema.

"Najua. Enda."

Jerotich alitazama mlango. Akavuta kigoda karibu na kiti cha magurudumu, akavua ndala, akaweka nyayo zake juu ya pedali.

"Mimi sijui kushona, lakini."

"Nani amekuambia ushone? Kanyaga tu. Pole pole. Kisigino, halafu vidole."

Nekoye akaweka mkono wa shati chini ya sindano, akaushika kwa mikono miwili. Jerotich akakanyaga. Gurudumu likarudi nyuma na uzi ukakatika.

"Woi, pole."

"Tena."

Harufu ya mandazi yanayoungua ikaanza kuingia kupitia dirishani. Jerotich aliisikia, Nekoye alimwona akiisikia. Nyayo hazikuondoka kwenye pedali. Nekoye akalamba ncha ya uzi, akainama kulitafuta tundu la sindano.