Mkono wa Zelman Brodski

Msimu ule wa ukungu, mtaa mzima wa Whitechapel, kila mwanamume mwenye kisu alikuwa mshukiwa. Walikamatwa mabaharia, vinyozi, hata daktari mmoja mlevi. Wote wakaachiwa, na wanawake wakazidi kuokotwa vichochoroni wamekatwa makoo. Hester Dockerill, dobi mjane, hakukusudia kumtaja mtu. Ila ulimi, jamani, hauna mfupa.

Kila Jumamosi alfajiri alimwashia jiko Zelman Brodski, aliyewachinjia Wayahudi wenzake ng'ombe, kwa kuwa siku ya Sabato wao hawagusi moto. Alhamisi moja alimpelekea nguo, akamkuta dirishani amefumba macho, anapitisha kisu kirefu ukuchani, kwenda na kurudi, taratibu. Akaziacha nguo mlangoni, akaondoka mbio. Jioni, kwenye baa, glasi ya pili ya jini ikamfungua mdomo.

"Anakibembeleza kama mtoto, naapa!"

"Si nilisema mimi!" akadakia Bi Quill, muuza samaki. "Lisemwalo lipo, shoga."

Jumamosi Hester akaenda kuwasha jiko kama kawaida, maana baa ni baa na kazi ni kazi. Asubuhi hiyohiyo mwanamke mwingine akaokotwa. Jumapili umati ulimburuta Brodski hadi barabarani kwa ndevu zake, ukampiga mpaka polisi walipomkamata, na kukamatwa ndiko kulikomwokoa.

Hester aliona damu kwenye kola ya Brodski, aliyoipiga pasi kwa mkono wake, akaona aibu isiyo na kifani. Yule mwanamke aliuawa saa kumi na moja alfajiri. Saa hiyo yeye alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la Brodski, naye Brodski yuko mezani anasali. Akinyamaza, mtu atanyongwa bure. Akisema, mtaa utamtenga, na nani atampa nguo za kufua? Alikizunguka kituo cha polisi mara mbili, kisha akaingia.

"Si wewe uliyesema anabembeleza kisu?" sajini akamuuliza.

"Ni mimi, bwana. Andika kwamba mimi mjinga, lakini mtu yule alikuwa nyumbani."

Daktari wa polisi akakitazama kisu: hakikuwa na ncha, na muuaji alikuwa akichoma kabla ya kukata koo. Brodski akaeleza kwamba dini yake yataka makali yasiyo na pengo hata la unywele, mnyama asiteseke, na pengo dogo namna hiyo hutafutwa kwa ukucha. Wakamwachia.

Bi Quill akaacha kumsalimu Hester. Hilo alilivumilia. Alichokiogopa ni ngazi za Brodski, na Jumamosi akazipanda. Mke wa Brodski alimfungulia mlango. Jiko lilipokolea, Hester akabaki amepiga magoti palepale.

"Nisamehe, Bwana Brodski. Mdomo wangu huu!"

"Ulikuja kituoni, Bi Hester. Nimekusamehe."

"Basi kesho unarudi kazini?"

Brodski akaunyosha mkono wake wa kulia. Vidole vilitetemeka, tangu Jumapili ile havijatulia.

"Huu hauhisi pengo tena. Nimekwenda mwenyewe kwa rabi, nikamwambia atafute mtu mwingine. Miaka ishirini na sita, basi."

"Lakini huna kosa! Polisi wenyewe wamesema!"

"Sina," akajibu kwa upole. "Mkono ndio haujasikia."

Hester akalia.