Kaburi la Mzungu wa Rokamuta

Kijiji chetu, juu ya Lushebere, kinaitwa Rokamuta. Usicheke. Jina hilo lililetwa enzi za Zaire na Mwitaliano mtengeneza jibini, Jakomo, aliyekumbuka kwao mpaka akavibatiza vilima vyetu kwa majina ya kitongoji chake. Juu ni Kastelo, yaani ngome, ingawa ngome hatujaiona, tunaona mavi ya ng'ombe tu. Chini ni Fontana, yaani chemchemi, ndiko ninakoishi mimi, Noëlla, na hatuna hata tone. Maji tunayafuata bondeni, kwenye utelezi. Mwaka jana dada yangu Régine alianguka huko na bidoni ya maji mgongoni, akavunjika nyonga. Tangu hapo nachota maji ya nyumba mbili.

Kwa hiyo padri alipotangaza kwamba mgeni kutoka Italia atatuletea robine moja, yaani bomba la maji, na atachagua mwenyewe pa kuiweka, Fontana nzima tulipiga vigelegele. Nani asiyejua kwamba wenye kiu ni sisi?

Damascène alijifanya hajui. Huyu ni bwana mkubwa wa Kastelo, aliyefika baada ya vita akiwa na ng'ombe wengi na mababu wachache. Na huku kwetu asiye na kaburi hana kilima: kesi ya shamba ikifika kwa chefu, mkuu wa eneo, unaulizwa wazee wako wamelala wapi. Maskini Damascène hakuwa na maiti hata mmoja. Basi akajitafutia wa bure. Alipanga mawe, akasimamisha msalaba wa saruji, akapanda maua, akaandika: MUZEE JAKOMO, MWANZILISHI. Kila mwaka, siku ya kuombea marehemu, huenda kulia pale, na hulia vizuri, sitamnyima haki yake. Waliojua Jakomo aliishia wapi walikufa au walitawanywa na vita, nani angembishia?

Mgeni alikuwa mzee mwembamba mwenye fimbo. Hakutaja jina, alisema tu anatoka Rokamuta ya Italia. Damascène alimdaka barabarani, akampeleka moja kwa moja kaburini. Sisi wanawake wa Fontana tukafuata nyuma.

"Hapa njo analala, Papa," Damascène akasema, kofia mkononi. "Muzee Jakomo. Alinifia mu mikono."

"Alikufa na nini?" mgeni akauliza, kwa Kiswahili cha kwetu kabisa.

"Chui, Papa. Alimukula yote."

"Sasa humu ndani muliweka nini?"

Damascène aliinama kunyoosha ua moja. "Viatu."

Mzee akayatazama yale mawe. "Jakomo njo mimi," akasema.

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Mwongo kaumbuka, robine ni yetu! Nikamsogelea.

"Papa Jakomo, shuka na sisi Fontana. Dada yangu iko analala tu, hawezi kusimama. Maji iko mbali sana."

Hakunisikia. Alikuwa amepiga magoti, anayapapasa maua huku machozi yanamtoka. Alisema kwao wamebaki wazee wachache, nyumba zimefungwa, na hakuna anayejua tena Kastelo ni kilima gani. Mke hana, mtoto hana.

"Nikikufa kule, nani atanililia?" akasema. "Hapa kuko muntu ananililiaga kila mwaka."

Nilidhani Damascène angekimbia kwa aibu. Aibu ipi? Alikuwa ameshaanza kulia upya, kwa sauti, mkono begani mwa maiti wake.

Robine iliwekwa Kastelo, kando ya kaburi. Jakomo alipiga picha nyingi, akatubariki, akarudi kwao. Siku hizi napanda kilima kizima na bidoni mbili, nashuka nazo zimejaa, na magoti yangu sasa yanataka kufuata nyonga ya Régine. Tena Damascène ameweka sheria: kabla ya kufungua maji, kila mwanamke amwombee kwanza marehemu.

Mimi sibishani naye. Nafumba macho, namwombea Jakomo kwa moyo wangu wote. Namwomba Mungu asimcheleweshe.