Alama za Mkaa

Mwajabu alikishika kitabu cha Mashavu kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika kaa wa pwani bila kujua kama amekufa au amenyamaza tu.

"Tazameni. Mkaa huku, mkaa kule. Mtu anasali huyu, au anatuandika?"

Nyumba ya Biasha haikukosa watu. Kijiji kizima cha Mbuchi kilipita hapo kutwanga mpunga na kutwanga habari. Lakini tangu vita vya Maji Maji viwageukie wapiganaji wenyewe, na Wadachi waanze kuwasaka waliokunywa dawa ya maji, habari zilinong'onwa, na macho yote yalimwelekea Mashavu, Mkristo pekee kijijini, aliyekuja akiikimbia misheni iliyochomwa, kitabu kifuani. Naye Zaidi, nduguye Biasha, aliyeyanywa maji yale akapigana, alijificha kwenye mikoko, akipelekewa wali kila siku.

"Alama kumi na saba," Mwajabu akaendelea. "Na Zaidi tumempelekea wali siku ngapi? Kumi na saba."

Biasha akaacha kupepeta. "Shoga, nilikupa mkeka nisiulize ukoo wako. Sema mwenyewe, nisije kuambiwa na kamba ya Mdachi."

Mashavu angewaelezaje? Alizaliwa utumwani, na mtumwa hujifunza kuusoma uso wa bwana kabla hajajua kutembea: leo umekunjwa, leo umekunjuka. Misheni walipomwambia ana Bwana mwingine, mwema, aliitika tu kwa adabu. Wema wa mabwana aliujua. Akajifunza herufi ili amchunguze Bwana huyo mwenyewe.

"Ni mahali ninapomshuku Mungu," alisema.

"Astaghafirullah!" Mwajabu akacheka. "Hata Mungu wako hujampa mkeka!"

"Tusomee mahali pamoja penye mkaa," Biasha akaamuru.

Mashavu akakichukua kitabu, akawasomea habari za mjakazi mwenye mimba, aliyemkimbia bibi yake hadi jangwani, malaika akamkuta penye chemchemi.

"Si Bibi Hajira huyo?" Biasha alishangaa. "Huyo tunamjua."

"Basi hapa anaambiwa arudi kwa bibi yake."

Biasha akauweka ungo chini. "Arudi akapigwe?"

"Ndio mkaa wenyewe. Miaka miwili nimekwama hapo. Lakini niliposoma mara ya nne nikaona jambo. Bwana wake na bibi yake, wote wanamwita mjakazi tu. Wa kwanza kumwita kwa jina lake ni huyu wa jangwani. Akamuuliza atokako na aendako, akangoja ajibu. Bwana gani humngoja mtumwa ajibu? Tangu hapo ninamsoma polepole."

"Maneno matamu," Mwajabu alisema. "Hata mtego hutiwa chambo."

Hodi haikupigwa. Askari aliingia na bunduki yake, akawapitia wanawake kwa macho, kisha akasimama mbele ya Mashavu.

"Wewe wa misheni. Hawa wengine waongo. Zaidi yuko wapi?"

Neno moja tu, na angepelekwa misheni nyingine chini ya ulinzi, asingeshukiwa tena na mtu. Mashavu akamtazama Biasha. Uso ule ulikuwa umekwisha kuamini kuwa umeuzwa. Ulichongoja ni kusikia tu.

"Zaidi alikufa Mohoro," alisema. "Nilipita nikaona wakimzika."

"Apa kwa kitabu chako."

Mkono wake ukashuka juu ya jalada, ukatulia. "Naapa."

Askari alipiga teke ungo, mchele ukamwagika, akaenda zake. Hatua zake zilipokwisha kusikika matopeni, hakuna aliyeshukuru. Walimtazama Mashavu kama mgeni aliyeingia sasa hivi.

"Umeapa uongo kwa Mungu wako," Biasha alinong'ona.

"Nimeapa."

"Atakufanya nini?"

Mashavu alifungua kitabu.

"Sijui, dada. Huko sijafika."

Akaanza kusoma kwa sauti. Mwajabu alimpa mgongo, akaushika mchi wake na kutwanga taratibu, kama mtu anayechelea kelele za kinu zisimpotezee neno.