Mshono wa Mzee Hermenegildi

Theodosia alikuwa fundi wa nguo za kiume, na Ifakara ilikwishamzoea. Miaka ya mwanzo wanaume waliona haya kupimwa kiuno na mwanamke. Siku hizi walijazana kwenye kibaraza chake karibu na soko, kila mmoja na picha yake kwenye simu. Yeye huitazama picha mara mbili tu, kisha hushika mkasi. Alijivunia hilo: nguo ya mji wowote angeitoa vilevile ilivyo.

Mwezi wa saba mama Eufrasia wa Kivukoni, pale pale Ifakara, alimletea jora la kitambaa cha kijivu. Yeye na mumewe, mzee Hermenegildi, walikuwa wanatimiza miaka hamsini ya ndoa, na misa ya shukrani ilikwishapangwa.

"Baba na wanangu wawili wavae sare," alisema. "Kitambaa kimoja, mshono mmoja."

Kitambaa hakikuwa na neno. Vita ilikuwa kwenye mshono.

Beatus, mwanawe mdogo, alifika kutoka Dar es Salaam na viatu bila soksi. Alitaka suruali ya kubana inayoishia juu ya kifundo, na koti fupi lisilo na bitana, kile kitambaa cha ndani. "Fundi, Dar ni joto, halafu watu wanakuangalia mguu kabla ya uso," alieleza.

Kaka yake Martin, mwalimu wa Mbeya, alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo suruali umeazima kwa mtoto? Mimi nishonee koti refu, lenye bitana nzito, na kizibao ndani. Suruali ilalie kiatu. Mbeya ukivaa kama huyu, baridi inakuzika."

"Hapa si Mbeya, kaka."

"Wala si Dar!"

Theodosia aliwapima wote wawili huku akijizuia kucheka, na baada ya siku nne akawaita kujaribu. Walikuja na baba yao. Mzee Hermenegildi aliegemeza baiskeli yake ukutani, akapokea shikamoo, akakaa kwenye benchi kuwatazama wanawe wakijigeuza mbele ya kioo.

"Na wewe baba, tukushonee ya Dar au ya Mbeya?" Theodosia aliuliza.

"Ngoja nionje."

Akavaa suruali ya Beatus, akatoka nayo hadi kwenye baiskeli. Aliinua mguu ukafika nusu, ukagoma. Aliporudi akavaa koti la Martin. Hata kabla hajamaliza kufunga vifungo jasho likamtiririka shingoni. Wanawe walikuwa hoi kwa kicheko. Mzee naye alicheka, akajifuta, kisha akauliza kwa upole kabisa, "Haya, fundi. Wa Dar wana wao, wa Mbeya wana wao. Na sisi wa hapa mshono wetu ni upi?"

Theodosia alilitazama koti la Martin, kisha suruali ya Beatus. Miaka kumi na nane alikuwa ameshona picha za watu wa kwingine.

"Nipe siku tatu, baba," alisema mwishowe.

Siku ya kwanza hakukata kitu. Alikaa kibarazani akawatazama wanaume wakipita, na safari hii aliangalia miili yao badala ya nguo. Aliona makoti yanavyojikunja kwenye tandiko la baiskeli, pindo za suruali zinavyokunjwa au kuchomekwa kwenye soksi zisikamatwe na mnyororo, na mkono unavyorudi mfukoni kila mara kuhakikisha simu haijaanguka. Jioni alichukua chaki.

Akamkatia mzee suruali yenye nafasi mapajani, inayopungua taratibu hadi chini. Koti alilifanya jepesi, likiwa na mpasuo mrefu mgongoni ili pande zake ziangukie huku na huku mtu anapoendesha, na mifuko yenye kina na vifuniko vya kifungo. Alipomaliza kupiga pasi alilitundika koti ukutani, akarudi nyuma kulitazama. Hakukuwa na picha ya kulinganisha.

Mama Eufrasia alikuja na mumewe kuchukua nguo siku moja kabla ya misa. Alizitandaza zote tatu juu ya meza, akashika kiuno.

"Fundi, nilisema mshono mmoja! Hii ndiyo sare?"

Kabla Theodosia hajajitetea, mzee alikwisha kuingia nyuma ya pazia na nguo zake. Alitoka amevaa, akapanda baiskeli na kuzunguka soko zima, mgongo wima, huku wauza samaki wakimshangilia. Mama Eufrasia alimfuata kwa macho mpaka aliporudi.

"Mh!" alisema taratibu. "Huyu ndiye aliyenioa."

Sare hazikutajwa tena.

Baada ya misa, watu walikula wali na samaki wakashiba, muziki ukafunguliwa. Martin alikuwa amekivua kizibao tangu mahubiri. Beatus alikataa kukaa kwenye mkeka, akala amesimama. Mzee Hermenegildi alikuwa katikati ya uwanja na mkewe, wakicheza, na wanaume wawili kutoka kijiji cha Lupiro tayari walikuwa wameketi kushoto na kulia kwa Theodosia, wakiuliza lini awapime.

Yeye alikuwa akiwajibu nusu nusu. Alikuwa ameona mkono wa kushoto wa koti la mzee umezidi ule wa kulia kwa upana wa kidole, na vidole vilimwasha kuushusha ule wa kulia. Mzee alipita karibu, akamwita kwa ishara ya kichwa aje kucheza. Theodosia aliweka sahani chini, akaenda.